Moto, Kisiki na Dawa: Historia ya Malisho Chini ya Kilimanjaro

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu huenda kwenye ngoma, mashairi, mavazi na mapishi. Ni nadra kukumbuka kwamba namna wazee wetu walivyouwasha moto, na namna walivyouzuia, ni utamaduni pia. Katika nyika zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro moto ulikuwa chombo cha kazi kama jembe na shoka. Ulikuwa na majira yake, ulikuwa na wenyewe, na ulikuwa na miiko yake. Watu wengi waliosoma wameujua kwa jina moja tu, nalo ni uharibifu. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba jina hilo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosahauliwa imetugharimu sana.

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Asimamaye Moshi mjini, akielekeza uso kaskazini, huona migomba na mikahawa ya vihamba, kisha msitu mkubwa, na juu ya msitu hata mita 3,000 na zaidi huota miti na vichaka vya jamii ya erika kabla ya mawe na barafu. Akigeuka kusini, ardhi hushuka kuelekea Kahe na Arusha Chini, mahali pa joto, majani na miiba. Magharibi ya mlima yapo malisho ya Siha na Sanya, yanayoungana na nchi ya Wamasai. Katika nyika hizo kuna ugomvi wa siku zote kati ya majani na vichaka. Majani yakishinda, ng'ombe hushiba. Vichaka vikishinda, majani hufa kwa kivuli na kwa kukosa maji, mfugaji hukosa njia, na mahali pengine mbung'o hupata makao.

Sasa tukitazame kichaka, kwa maana asiyemjua adui yake hupigana na hewa. Miti mingi ya nyika haifi ikikatwa wala ikiungua. Chini ya udongo, pale shina linapokutana na mizizi, yamelala macho mengi yanayongoja. Mizizi nayo imeweka akiba ya chakula, kama vile mkulima awekavyo nafaka ghalani. Shina likiondolewa, macho yale huamka, nayo akiba hutumika kuotesha machipukizi mapya. Palipokuwa na shina moja huota matano au kumi. Leleshwa, mti ambao Wamasai hujipaka majani yake kwa harufu yake nzuri, ni mfano mashuhuri: ukate leo, uuchome kesho, mvua ikinyesha utaukuta umesimama tena. Kwa hiyo moto mmoja, hata uwe mkali namna gani, huunguza kichaka lakini haukiui kisiki. Kisiki hufa pale tu akiba yake inapokwisha. Akiba hiyo huisha kwa kuchipua na kunyang'anywa, kuchipua tena na kunyang'anywa tena, mwaka baada ya mwaka.

Wafugaji wa kale walilijua jambo hili kwa macho yao. Wamasai walichoma majani makavu ili malisho mapya yachipue, na ili kupe wapungue. Moto huo uliviunguza vichaka vichanga vikiwa bado vimefichwa na majani, kabla havijapata urefu wa kuokoka. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na kichaka nacho ni vivyo hivyo. Baada ya moto na mvua walipita mbuzi, ambao hupenda machipukizi kuliko majani ya chini, wakayala yale yaliyothubutu kuinua kichwa. Kisha watu wenyewe walikata miiba kwa ajili ya maboma yao, na kuni kwa ajili ya meko yao. Moto, mbuzi na shoka vilifanya kazi pamoja, na kila kimoja kilikamilisha kile ambacho mwenziwe alikianza. Lakini moto ulitaka majani ya kutosha ili uwe na nguvu. Mahali palipolishwa kupita kiasi hapakuwa na cha kuungua, na hapo kichaka kilipata nafasi. Hivyo mfugaji alilazimika kujua lini ahame na lini arudi.

Wachaga, waliofuga ng'ombe wao ndani ya nyumba, walikuwa na fungu lao katika habari hii. Kihamba hakikutosha kulisha mifugo, kwa hiyo kina mama walishuka nyikani kukata majani na kuyapandisha mlimani kwa vichwa vyao, na samadi ya ng'ombe wale ndiyo iliyoistawisha migomba. Kwa njia hiyo rutuba ya nyika ilipanda mlimani mgongoni mwa binadamu, hali maji ya mlima yalishuka nyikani kwa mito na kwa mifongo. Mgomba wa kihambani na majani ya nyikani vilikuwa ndugu. Nyika ikifunikwa na miiba, mama aliyeko mlimani hutembea mbali zaidi.

Mpango huo ulivunjwa kwa ghafula. Maradhi ya sotoka yaliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, yakashuka kusini, na kufikia 1891 yalikuwa yameangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa nchi ya Wamasai pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Ndui na njaa vikafuata. Wamasai huuita wakati huo Emutai, yaani wakati wa kumalizika kabisa. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika habari za watu waliokonda kwa njaa hata wakawa mifupa mitupu. Waliosalia walitawanyika. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alieleza kwamba misiba hiyo iliwanyang'anya watu wa Afrika Mashariki uwezo wao wa kuyatawala mazingira. Mahali palipokuwa na ng'ombe, mbuzi, moto na watu pakabaki kimya, na katika kimya kile visiki vikaamka. Mbung'o wakafuata vichaka, na malale na nagana vikafuata mbung'o.

Wakoloni walipoiona nchi katika hali hiyo, wengi wao walidhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwake. Waliyachukua matokeo ya msiba wakayaita asili. Wajerumani waliwatengea Wamasai eneo la kusini ya barabara ya Moshi na Arusha, na ardhi nzuri kati ya Kilimanjaro na Meru wakawapa walowezi. Msitu wa mlima ukawekwa chini ya ulinzi, na uchomaji ukaanza kuhesabiwa kuwa kosa. Hatusemi kwamba kuulinda msitu lilikuwa jambo baya, kwani bila msitu ule hakuna Moshi. Tunasema kwamba moto wa msituni na moto wa nyikani uliwekwa katika kapu moja, na mwenye maarifa ya kuutofautisha hakuulizwa.

Hata hivyo haukupita muda mrefu kabla ya watawala wenyewe kuurudia moto. Ili tuielewe habari hii hatuna budi kutoka Moshi kidogo, twende hadi Shinyanga. Huko Charles Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika chini ya Waingereza na baadaye mkuu wa utafiti wa mbung'o, alifanya majaribio makubwa katika miaka ya 1920 na 1930. Aligundua kwamba majani yakichomwa mapema, yangali na ubichi, moto huwa dhaifu na vichaka huokoka. Lakini yakilindwa yasiungue hadi mwisho wa kiangazi, kisha yakachomwa yote kwa siku moja, moto huwa mkali na vichaka hurudi nyuma. Maelfu ya Wasukuma walitoka kwa majembe na mashoka kuyafyeka mapori. Kwa hiyo elimu iliyoandikwa ilifika mahali ambapo elimu isiyoandikwa ilikuwa imekwisha kufika, yaani kwamba katika moto jambo kubwa ni wakati wake.

Ikafuata zamu ya chuma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Kongwa, katika mkoa wa leo wa Dodoma, ikawa makao yake ya kwanza. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matingatinga yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita. Baadaye yalifungwa mawili mawili kwa mnyororo mzito, yakaburuta miti mpaka ikalala. Miti ililala kweli, lakini mizizi ilivunja majembe ya trekta, na visiki vilivyosalia ardhini vikachipua. Mvua nazo hazikutii hesabu za London. Mpango ulifungwa mwaka 1951, ukiwa umepoteza yapata pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile ikageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, na kazi ya kupigana na maotea ikawarithi wafugaji. Somo la Kongwa liko wazi: nguvu ya siku moja haishindi subira ya mzizi.

Chuma kiliposhindwa ikaletwa dawa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wa Uingereza na Marekani walikuwa wamevumbua kemikali zinazouvuruga ukuaji wa mimea yenye majani mapana bila kuyadhuru sana majani ya malisho. Mbili kati ya hizo zilijulikana kwa majina ya 2,4-D na 2,4,5-T. Ya pili ndiyo iliyofaa zaidi kwa miti. Ilichanganywa na dizeli, ikapakwa kuzunguka shina au juu ya kisiki kilichotoka kukatwa, ili ipenye hata yalipo macho yaliyolala. Katika miaka ya 1950 watafiti wa viuatilifu waliokuwa Arusha walizijaribu dawa za namna hii juu ya miti na vichaka vya Afrika Mashariki. Walichokipata kinafundisha: mti mmoja ulikufa, jirani yake akanyauka kisha akachipua, na wa tatu hakujali. Aidha gharama ilikuwa kubwa. Mwenye shamba la maelfu ya ekari na mkopo wa benki aliweza kulipa. Mfugaji mwenye ng'ombe ishirini katika malisho ya wote hakuweza.

Na dawa ile ilikuwa na siri. Ilipotengenezwa, ndani yake ilizaliwa sumu nyingine iitwayo dioksini, ambayo hudhuru hata kwa kiasi kidogo sana. Tangu 1962 hadi 1971 majeshi ya Marekani yalinyunyizia misitu na mashamba ya Vietnam kemikali za namna hiyo kwa mamilioni ya lita, na madhara yake kwa watu yamedumu hata baada ya vita. Mwaka 1985 Marekani yenyewe iliyafuta matumizi ya 2,4,5-T yaliyokuwa yamebaki nchini mwake. Zipo dawa nyingine zilizochukua nafasi yake, na baadhi yake zina kazi halali zikitumiwa kwa uangalifu, tone kwa tone juu ya kisiki, mbali na mto na kisima. Lakini historia hii inatufunza kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua kopo: imetengenezwa na nini, nani atakunywa maji ya chini yake, na nani atarudi mwaka ujao kutazama kama kisiki kimekufa.

Huenda msomaji akasema kwamba baada ya uhuru makosa hayo yalikoma. Haikuwa hivyo. Katika bonde la Ngorongoro wafugaji waliokuwa wakiishi chini walitolewa mwaka 1974, na moto wao ukaondoka pamoja nao. Majani magumu yakarefuka, magugu yakaenea, kupe wakaongezeka. Mwaka 2000 na 2001, baada ya ukame mkali, nyati, nyumbu na hata faru walikufa, na maradhi yaletwayo na kupe yalikuwa miongoni mwa sababu. Ndipo wasimamizi wakaanza tena, mwaka 2001, kuchoma majani kwa mpango, sehemu baada ya sehemu, na kupe wakapungua. Moto uliofukuzwa mlangoni uliitwa urudi, safari hii akiushika mtu mwenye sare. Uchomaji wa mpango ni sehemu ya elimu ya wasimamizi wa wanyamapori. Nasi Moshi tunacho chuo cha fani hiyo hapo Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963.

Sisi wenyewe tulioandika haya hatuna usafi wa kujivunia. Katika utumishi wetu tuliwahi kuandika nyaraka zilizokataza kila moto, mahali pote na majira yote, kwa sentensi moja. Tuliona fahari juu ya ufupi wake. Mzee mmoja wa nyikani alipoisikia alituuliza kama serikali imekataza pia mvua. Tulicheka siku ile. Baadaye swali lake likatukosesha usingizi.

Lakini ingekuwa dhambi kuutetea moto wa nyikani bila kusema juu ya moto wa mlimani. Miti ya erika iliyo juu ya msitu hunasa ukungu na kuugeuza maji, na maji hayo huingia katika mito inayoinywesha nchi ya chini. Mioto ya miongo ya karibuni imeusukuma mpaka wa juu wa msitu kushuka chini, ikaacha vichaka mahali pa miti. Mingine ilianzishwa na warina asali, mingine na wapitao njia. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulioanzia upande wa Mandara na Horombo uliunguza yapata kilomita za mraba 95, na watu wa vijiji, wanafunzi na askari walipanda kuuzima. Oktoba 2022 ukazuka mwingine karibu na Karanga. Hivyo mlima mmoja unatufundisha mambo mawili. Chini, moto uliokosekana huleta vichaka. Juu, moto uliozidi huleta vichaka vilevile. Wazee waliojua miiko ya moto hawakuwa na ukinzani: kila kitu na mahali pake.

Leo mtihani mpya uko Kahe. Katika miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni wenye asili ya nchi za Amerika, ambao wenyeji wameuita mrashia, na wenzetu wa Kenya wameuita mathenge. Ulipandwa kwa nia njema, ili utoe kuni na kivuli. Sasa umevuka mipaka yake, umeingia katika malisho na mashamba, na miiba yake hutoboa hata viatu. Ukikatwa huchipua kwa ukali. Moto huua miche michanga tu. Na jambo la kusikitisha ni kwamba mbuzi, yule msaidizi wa wazee, hapa amegeuka kuwa mbebaji wa adui: majani hayapendi, lakini maganda matamu huyala, na mbegu huzipanda pamoja na kinyesi chake kila apitapo. Huko Baringo, Kenya, wananchi walifika mahakamani Nairobi mwaka 2006 pamoja na mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda hayo, wakiishtaki serikali yao kwa kuuleta mti ule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kahe bado ni ufa.

Ufanyike nini? Historia haitoi amri, lakini hutoa mwanga. Miche ing'olewe na mizizi yake ingali midogo. Miti mikubwa ikatwe, visiki vichimbuliwe, au vipakwe dawa iliyoruhusiwa na mamlaka ya viuatilifu, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa. Maganda yakusanywe yasagwe kuwa chakula cha mifugo, maana mbegu iliyosagwa haioti. Kisha, na hapa ndipo kazi nyingi zilipovunjika, watu warudi mwaka wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kazi isiyo na marejeo ni kumpogolea adui matawi ili astawi.

Kabla hatujafunga, turudi Shinyanga na Kongwa, kwani historia ina kawaida ya kuwafundisha wenye subira. Shinyanga, iliyofyekwa kwa ajili ya mbung'o na baadaye kwa mashamba na kuni, ilifikia kuwa karibu jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukafufua desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yaitwayo ngitili. Sehemu kubwa ya miti iliyorejea haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo. Nako Dodoma, pamoja na wilaya ya Kongwa, tangu 2018 wakulima wamekuwa wakichagua machipukizi bora ya visiki, wakayapogoa na kuyalinda mpaka yawe miti. Kazi hiyo wameiita Kisiki Hai. Mahali ambapo matingatinga yalishindwa kuua visiki, wajukuu wa walioshuhudia wanavilea.

Basi kisiki si adui wala si rafiki. Ni nguvu ya ardhi, nayo humtii yule anayekaa karibu, anayejua majira, na anayerudi. Mwalimu atakayelisoma jambo hili na wanafunzi wake tunamwomba asiishie darasani. Awapeleke kwa mfugaji na kwa mama anayekata majani, wawaulize: hapa palikuwa na nini zamani, palichomwa lini, na nani aliyekuwa akiamua? Majibu yao yaandikwe, kwa maana wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka, na elimu iliyozikwa haina macho chini ya udongo ya kuchipua tena yenyewe.